Kumi na Mmoja wa Bi Mwantumu

Katika zamani ambazo bado hazijafika, jiji la Mzizima lilikuwa limeshaimeza Kibaha, limeimeza Mkuranga, na Bagamoyo limeitafuna nusu huku likilamba midomo. Mtu akiunguza uji Bunju, harufu ilipita milango elfu kabla haijapata upenyo wa kwenda juu. Shule zilikuwa na zamu nne, na watoto wa zamu ya nne walijifunza kusoma huku majogoo wakiwasahihisha. Hata makaburini watu walizikwa wima, kama chupa za soda kwenye kreti, na wazee walishakubaliana, kwa shingo upande, kwamba kusimama nako ni namna ya kulala.

Humo, ghorofa ya thelathini na moja ya jengo la Mchikichini, aliishi mwanamke tajiri kuliko jengo zima. Ungemtazama usingejua. Alikuwa na chumba na sebule, cherehani ya miguu iliyokohoa kuliko ilivyoshona, na kanga ambazo maandishi yake yalishafutika, msemo ukabaki siri ya kanga zenyewe. Lakini Bi Mwantumu alikuwa na namba kumi na moja.

Namba moja, mtoto mmoja. Ndivyo jiji lilivyokuwa. Kila msichana alipovunja ungo alitiwa mkononi, chini ya ngozi, punje ndogo kama ya uwele. Waliiita kufuli. Kufuli halikuuma wala halikuonekana, na halikufunguka mpaka Halmashauri ilifungue kutoka huko iliko, na Halmashauri haikufungua bila namba. Wasio na namba waliweza kupendana mpaka kitanda kikaomba msamaha, wakabaki wawili vilevile, kama macho.

Namba iliruhusiwa kurithishwa kwa mtu wa damu, na ilikufa siku mwenyewe anapotimiza miaka sabini. Bi Mwantumu alikuwa anatimiza sabini Ijumaa. Basi wiki hiyo mlango wake haukupata usingizi.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," alisema kijana mmoja wa ghorofa ya tisa, ameshika kikapu cha pweza mkavu. "Nimekuwa nikiuchunguza ukoo wetu. Kumbe bibi yangu mzaa baba alizaliwa Rufiji, kama wewe."

"Marahaba. Rufiji tumezaliwa wengi, mwanangu. Hata mamba."

"Basi tuseme ni undugu wa mto."

"Pweza muache hapo mezani. Undugu nenda nao."

Aliyekuja bila kikapu alikuwa Mama Hemedi, mkwewe, mama wa mwanamume aliyemuoa Raziya, binti pekee wa Bi Mwantumu. Mama Hemedi hakuwa mtu wa kuomba. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu na feni, akaitazama picha ya Raziya ukutani. Raziya alikuwa fundi wa lifti, na pichani yumo ndani ya ovaroli lake, spana mkononi, anacheka.

"Nasikia Jumatatu ulikwenda kwa Sikio la Halmashauri, mkwe."

"Nilikwenda."

"Nasikia lilikukatalia."

"Mkwe, nawe ni sikio. Tofauti yenu, lile linalipwa mshahara."

Mama Hemedi hakucheka. "Miaka sita Hemedi yumo ndani ya ndoa. Nyumba yangu kimya, hata saa ya ukutani naisikia ikimeza mate. Mimi Raziya nampenda. Lifti yangu ikikwama hanitozi. Lakini mjukuu haletwi na lifti."

"Sijasema analetwa na lifti."

"Kuna binti wa watu huko Kigogo. Ana namba zake mbili, hakurithishwa na mtu. Wazazi wake nimewaomba wanisubiri mpaka Alhamisi. Raziya akitoka kwa Sikio na namba zako, nitawapigia niwaambie mwanangu ameshatosheka. Akitoka mikono mitupu, Hemedi ataoa. Na unajua, mke wa pili akishaingia na mtoto, wa kwanza anakuwa mgeni wa chai nyumbani kwake."

"Umekuja kunitisha."

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi salamu zako zina meno, mkwe."

*

Kabla ya Sikio, jiji lilikuwa limejaribu njia mbili. Kwanza lilikataza. Watu wakaficha watoto: tangi moja la maji huko Manzese lilipofunguliwa walikutwa humo watoto saba, wote waogeleaji hodari. Kisha likahonga, atakayeacha kuzaa apewe friji. Mafriji yakagawiwa, watoto wakaendelea kuzaliwa, ila sasa walikunywa maji baridi.

Ndipo mhandisi mmoja akawaambia wakubwa: tuwaulize watu wanataka watoto wangapi, tuwape haohao. Wakubwa wakacheka. Ukiwauliza watu, wakasema, kila mmoja atakutajia kijiji. Mhandisi akajibu kwamba yeye hatauliza midomo.

Akaunda kibao cha shaba, upana wa kisahani cha kikombe, akakiita Sikio. Unaegemeza kidevu juu yake, na ulimi mdogo wa chuma unakugusa kooni. Mhandisi alikuwa amegundua kwamba neno la kweli, kabla halijatoka, hulegeza nyuzi za koo, na neno la uongo huzikaza. Neno la adabu hukaza kuliko la uongo, kwa sababu mwongo angalau amejitayarisha. Maneno na koo vikikubaliana, taa ya kijani. Vikikosana, nyekundu. Na kama huwezi kutaja idadi, Sikio lenyewe litaitafuta humo kooni iliko, liiandike.

Bibi harusi alipelekwa kwa Sikio siku ya ndoa, akaulizwa anataka wangapi, akaandikiwa namba zake. Bwana harusi naye aliulizwa, lakini mwaka wa kwanza tu. Kuna mmoja wa Tandika alitaja kumi mbele ya wakwe, Sikio likaandika sifuri, tarumbeta zikakosea wimbo. Halmashauri ikaona huruma, na wanaume wakasamehewa kuulizwa mpaka leo.

Na jiji likatulia. Ajabu yenyewe ndiyo hiyo. Watu waliokuwa wakitaja sita mezani, makoo yao yalikuwa yanataka wawili, na wengine mmoja, na huyo mmoja awe wa kike, ampikie mama uzeeni.

Ila Mchikichini palikuwa na malalamiko. Kwa watu wale, mwari aliyelelewa hataji idadi. Mtoto si kitumbua, mtu aseme nifungie vitatu. Akiulizwa anataka wangapi huinamisha macho, hujibu: Anajua Mungu. Na wanawake waliojibu hivyo walikuwa wanatoka kwa Sikio na sifuri, mmoja baada ya mwingine, wakirudi mtaani wanalia. Mtaa mzima ukakata shauri: Sikio ni mashine ya wahuni, haijui adabu, ikisikia mtu amemwachia Mungu inaandika sifuri. Raziya, siku ya ndoa yake, aliinamisha macho akasema Anajua Mungu. Sifuri. Jibu hilo alifundishwa na mama yake, akakaririshwa mpaka akalisema bila kupepesa.

Bi Mwantumu mwenyewe hakuwahi kuwa na adabu hiyo. Siku ya harusi yake, mama mkwe alimtazama kiuno akawaambia wageni, "Atazaa nini, ufito huu?" Mwantumu akaegemeza kidevu, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Kumi na wawili." Watu wakaangua kicheko, mama mkwe akakunja uso, naye bibi harusi akacheka kuliko wote. Alidhani ametania. Sikio likawasha kijani na kuandika kumi na mbili, na kicheko kikamfia mdomoni, maana kumbe alikuwa hajatania.

Akapata Raziya. Akapoteza wawili kabla hawajatimia, na jiji halihesabu wasiozaliwa. Kisha mumewe, mwendesha winchi bandarini, aliondoka asubuhi moja na mkebe wake wa chakula, na mkebe ukarudi peke yake. Namba kumi na moja zikabaki bila kazi.

Sasa, anayetaka kurithisha sharti aseme mbele ya Sikio: Siwataki tena, nimewaachia. Na iwe kweli. Jumatatu ile Bi Mwantumu alisema mara tatu, na mara tatu taa ikawa nyekundu.

"Bibi, bado unawataka," aliambiwa na karani wa Sikio, kijana mpole wa Kisambaa aitwaye Lukindo.

"Nina miaka sitini na tisa."

"Sikio halijui hesabu ya miaka."

Akapewa Alhamisi, na akaambiwa hakuna nyingine.

Sebuleni kwake, kwenye kamba iliyokatiza toka dirishani hadi mlangoni, zilining'inia sampuli za duka lake la zamani. Maisha yake yote alikuwa fundi wa sare za shule. Macho yalipomkatalia kutunga uzi alifunga duka, lakini sampuli hakuziuza: mashati meupe kumi na moja, kuanzia la mtoto wa miaka mitatu hadi la wa kumi na mitatu. Wageni walidhani ni kumbukumbu ya kazi. Kwake kila shati lilikuwa na mtoto wake. Wa miaka saba alikuwa mtoro. Wa tisa alikuwa na tabia ya kuuma kola. Wa kumi na moja, msichana, alikuwa ameanza kumjibu mama yake. Mashati yote yalikuwa na upindo mpana, kama alivyowashonea wateja, ili mtoto akikua upindo ufumuliwe. Hizi pindo zilikuwa hazijafumuliwa hata mara moja.

Mama Hemedi alipoondoka, Bi Mwantumu alifunga mlango kwa komeo, akachukua mkasi wa kukatia khaki.

Alianza na la miaka mitatu kwa sababu lilikuwa na kitambaa kidogo. Alilikata vipande vya ukubwa wa kiganja, akavipanga. Akaenda la nne. Kila mmoja alimwambia neno lake. Wa tisa alimwambia aache kuuma kola, kisha akaikata kola. Wa saba alimtoroka: alilishusha shati kwenye kamba mara mbili, mara mbili akalirudisha, akaenda kuchemsha chai asiyoinywa. Kazi hiyo ya dakika chache ilimchukua Jumanne na Jumatano yote. Mwisho kamba ikabaki kamba.

Mfagiaji wa ngazi alipokea mfuko wa matambara, akavigeuzageuza vile vipande. "Nguo nzuri hizi, bibi. Hazina hata doa."

"Hazijavaliwa," alisema Bi Mwantumu.

Kipande kimoja hakukitoa, upindo wa shati la miaka saba, mkunjo wake na uzi wake. Alikitia kwenye pochi akajiambia ni cha kufutia miwani.

*

Juu ya mlango wa chumba cha Sikio kulikuwa na taa, pacha wa taa ya ndani, ili wanaosubiri ukumbini wajue mambo yanakwendaje. Mama Hemedi alikuwa ameshawasili Alhamisi asubuhi na dada zake wawili na wapiga tarumbeta wawili walioahidiwa pilau. Tarumbeta zilikuwa zimefunikwa kwa kanga, kwa staha.

Raziya alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na ovaroli, dole gumba jeusi kwa grisi. Aliwasalimia wakubwa mmoja mmoja, akamshika mama yake mkono, wakaingia.

"Shikamoo, bibi," alisema Lukindo.

"Marahaba. Leo mashine yako imekunywa chai?"

"Imekunywa."

"Maana Jumatatu iliamka vibaya."

Bi Mwantumu aliegemeza kidevu. Shaba ilikuwa baridi kama ilivyokuwa siku ya harusi yake. Alifumba macho, akaitazama kamba ya sebuleni, akaikuta tupu.

"Siwataki tena. Nimewaachia."

Kijani. Iliwaka upesi, upesi kiasi cha kumtia aibu. Nje wanawake walisikika wakijikohoza, wakiweka makoo tayari.

Lukindo aligusa kioo chake, na kwenye ubao ukutani ikajitokeza kumi na moja, nyeupe, peke yake. "Sasa hazina mwenyewe," alieleza. "Dada akisema Namtaka, na iwe kweli, ni zake, zote kwa pamoja. Ana mara tatu. Zikipita, zinaingia mfuko wa jiji."

"Na mfuko wa jiji unamgawia nani?"

"Kuna bahati nasibu, bibi."

"Wanaoshinda ni nani?"

Lukindo alipangusa kioo kisichokuwa na vumbi. "Mara nyingi ni watu wa Minara ya Vioo."

"Nilijua bahati ina anwani," alisema Bi Mwantumu. "Raziya, mwanangu, njoo. Neno moja tu, tukale pilau la watu."

Raziya aliinama, akakiweka kidevu chake pale kilipotoka cha mama yake.

"Namtaka," alisema.

Nyekundu.

"Kola ya ovaroli inambana," alisema Bi Mwantumu. "Fungua kifungo, mwanangu. Shingo ipate hewa."

Raziya alifungua kifungo. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Namtaka."

Nyekundu. Ukumbini kujikohoza kukakoma.

Bi Mwantumu akamgeukia karani. Alikuwa ameisema hotuba hiyo sokoni, misibani na kwenye foleni za maji, sasa akapata wa kumwambia usoni. "Hili Sikio lenu limelelewa na nani? Mtoto huyu nimemlea kwa haya. Mtoto mwenye haya hasemi nataka, nataka, mbele ya mwanamume asiyemjua. Koo lazima likaze. Ndiyo maana mlimpa sifuri siku ya ndoa yake, akasema Anajua Mungu mkadhani amesema hataki. Mmetufilisi mtaa mzima kwa sababu mashine yenu haijui adabu."

Lukindo alimwacha amalize. Alikuwa kijana aliyezoea wazee.

"Bibi, wanaosema Anajua Mungu nawaandika kila wiki," alisema. "Majuzi alikuja mmoja, macho chini vivyo hivyo, sauti hata haisikiki. Sikio likaandika nne. Kabla yake kuna aliyepata sita, mpaka mama yake akazimia. Sikio halisikilizi jibu. Linasikiliza kilicho chini ya jibu."

"Mbona hao wa nne hatujawasikia?"

"Wenye nne wana kazi ya kulea. Wanaorudi mtaani kulalamika ni wenye sifuri."

Bi Mwantumu aliacha kumtazama karani. Alimtazama mwanawe. Raziya alikuwa anaifuta grisi kwenye dole gumba, na grisi ilikuwa haitoki.

"Raziya."

"Abee, mama."

"Ile sifuri ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani hamu itaota yenyewe, kama gego la mwisho. Wenzangu iliwaota. Nikija kwako nikayaona yale mashati kwenye kamba, najiambia kesho." Aliliacha dole gumba. "Nimejaribu, mama. Nilitaka kutaka. Nimejikazania kama wewe ulivyojikazania kuacha."

"Hemedi anajua?"

"Hemedi, tukiwa wawili, anasema tukipata sawa, tusipopata sawa. Akitoka kwa mama yake anasema lingine."

"Na mimi? Mimi kwa nini hukuniambia?"

"Ulinifundisha jibu zuri," alisema Raziya. "Likanisitiri."

Bi Mwantumu akatafuta kiti kwa mkono, bila kuangalia, akakaa. Kwenye ubao ile kumi na moja ilikuwa inasubiri, nyeupe pe.

"Imebaki ya tatu," alisema Lukindo. Alitazama mlango, akapunguza sauti, na ilionekana anasema kwa huruma. "Bibi, inaruhusiwa mama kumtuliza binti. Na Sikio halitaki mengi. Mtu akitaka kwa pumzi moja tu, ile pumzi anayosemea, inatosha. Niliwahi kuona dada mmoja amekataliwa mara mbili, shangazi yake akamwonyesha kitambaa cha marehemu mama yake. Kijani. Wana watoto watatu sasa."

"Wanaendeleaje?"

"Hao siwafuatilii, bibi. Kazi yangu inaishia mlangoni."

Mkono wa Bi Mwantumu ulikuwa umeshaingia kwenye pochi. Kidole kikaugusa upindo.

Alimjua mwanawe. Huyu ndiye mtoto aliyelia siku tatu paka wa jirani alipohama. Angeutoa upindo ule, akamwekea kiganjani, akasema: huu ni wa ndugu yako wa miaka saba, yule mtoro, na wenzake wote nimewakatakata kwa mkasi kwa ajili yako. Basi. Raziya angelia, na katikati ya kilio, kwa pumzi moja, angetaka. Ingekuwa kweli tupu, maana Sikio halidanganywi. Kufuli lingefunguka, tarumbeta zingelia, binti wa Kigogo angetafutiwa mume mwingine. Kisha pumzi ingetoka, kama pumzi zinavyotoka, na kutaka kungetoka nayo. Mtoto asingetoka. Mtoto angekaa, mwaka baada ya mwaka, ndani ya nyumba ya mwanamke aliyemtaka kwa muda wa kusema neno moja.

Na asipoutoa? Kumi na moja ziende Minara ya Vioo, zikachezewe na watu ambao hata sare hawashonewi, huagiza. Raziya awe mgeni wa chai. Na yeye mwenyewe akose mjukuu. Hapo alijitazama ndani amtafute huyo mjukuu, aone kama bado anamlilia, akakuta mahali penyewe pamefagiliwa. Mkasi ulikuwa umekata mbali kuliko alivyokusudia.

Akautoa mkono mtupu. Akafunga zipu ya pochi.

"Unajua nilivyokuwa nawapima watoto wa watu dukani," alimwambia Raziya. "Wengi husumbua. Huyu anapinda bega, huyu anacheka tepu ikimgusa kwapani, mpaka mama yake amfinye. Lakini wapo ambao hawakusumbua. Unamwambia simama, anasimama wima, mikono ubavuni, hata kupumua anapumua kwa kuomba ruhusa. Hao nilikuwa nawajua. Nyumbani kwao waliletwa kwa sababu ilibidi waletwe. Sare zao hazikuwahi kunisumbua kukata, na sikuwahi kufurahi kuzikata."

Raziya alikitazama kile kibao cha shaba.

"Sitaki kumpima wa kwako akiwa amesimama hivyo. Nenda ukaseme linalotoka."

"Zitapotea, mama. Kumi na moja."

"Zilishapotea. Nenda."

Raziya aliinama. Safari hii hakuvuta pumzi ya kurukia mtaro. Alikiweka kidevu kwenye shaba kama mtu anayelaza kichwa kwenye mto wa kulalia, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile anayomwambia mtu kwamba lifti haitapona leo:

"Simtaki."

Kijani.

"Hongera," likasema Sikio, kwa sauti ya kike iliyorekodiwa miaka mingi nyuma na mtu mchangamfu, kama lilivyozoeshwa kusema kila kijani inapowaka.

Kwenye ubao kumi na moja ikawa sifuri. Haikupungua mojamoja, ilifutika kwa mkupuo, kama kitu kilichokuwa na haraka ya kwenda kwingine. Lukindo alikiinamia kioo chake kwa muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

"Poleni," alisema.

Jibu halikusikika, kwa sababu huko nje vigelegele vilikuwa vimeshapasuka.

*

Walichokuwa wamekiona ukumbini ni taa. Kijani moja, nyekundu mbili, kisha kijani. Mama Hemedi, aliyekuwa ameshaanza kuokota mkoba wake, alipoiona kijani ya mwisho aliutupa chini akapiga kigelegele kilichowaamsha walinzi. Tarumbeta zikavuliwa kanga. Mlango ulipofunguliwa, wale wapigaji wawili walijaza mashavu, na wimbo ukawapokea mama na binti usoni kama moto wa tanuri.

"Nimeona, mkwe, nimeona," Mama Hemedi alikuwa anasema, amemkumbatia Raziya na ovaroli lake, grisi inamwingia kwenye buibui na hajali. "Ya tatu ndiyo ya heri. Mwanangu, nisamehe, mimi ni mama, mdomo hukimbia. Leo hii nawapigia wale wa Kigogo." Na kweli simu ilikuwa mkononi, sikioni, na alikuwa ameziba sikio la pili kwa kidole ili tarumbeta zisimshinde. "Hallo? Baba Asia? Samahani sana, jambo letu lile, basi. Ndiyo. Mungu ametujibu."

Raziya alimtazama mama yake juu ya bega la Mama Hemedi. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni.

Simu ikakatwa. Mama Hemedi akafuta machozi kwa ncha ya buibui, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, ya watu wazima, wenye siri moja sasa:

"Eti, mkwe. Niambie mimi tu. Tutarajie wangapi?"

Dada zake wakasogea wasikie. Bi Mwantumu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kulijibu swali hilo kwa adabu, aliinamisha macho.

"Anajua Mungu," alisema.

"Haya," alisema Mama Hemedi, akiwageukia dada zake, ameridhika mpaka shingoni. "Mnasikia? Hayo ndiyo majibu ya watu waliolelewa."

Koo la Bi Mwantumu lilikuwa limekaza hata mate hayapiti. Lakini huku nje hapakuwa na shaba ya kulisikia. Palikuwa na tarumbeta tu, na zilikuwa zinarudia wimbo tangu mwanzo.